Dawa Inayojua Mlango

Mvua ya Lufingo haikai Lufingo. Ikishalowesha migomba na mashamba ya chai hushuka kwa vijito, vijito vikaingia mitoni, na mwisho wa safari ni Ziwa Nyasa. Upande huu wa Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na miteremko ya Mlima Rungwe ni mikali, kwa hiyo mito ya huko, Kiwira, Mbaka, Lufilyo, haitembei, inakimbia. Panapo mawe maji hupasuka yakawa meupe kama maziwa. Mgeni hupiga picha. Usubi hutaga mayai.

Usubi ni nzi mdogo mweusi mwenye kibyongo. Mabuu yake hayawezi kuishi kwenye dimbwi kama ya mbu. Yanataka maji yaendayo kasi, yaliyojaa hewa. Jike huuma mchana, na akiwa amebeba minyoo wachanga huwaacha pale pale alipouma. Mnyoo akikomaa hujiviringisha ndani ya kinundu chini ya ngozi, akaishi humo miaka 10, hata 15, na mnyoo jike humwaga maelfu ya watoto wasioonekana kwa macho. Hao watoto ndio balaa. Hutembea ngozini wakaleta mwasho usiomlaza mtu, ngozi ikakunjamana kama ya mjusi, miundi ikapata mabaka meupe. Wakifika jichoni huleta upofu. Kiswahili kimeupa ugonjwa jina la mdudu wake, usubi, na katika ramani za wataalamu, pamoja na Mahenge, Ruvuma na Tanga, limo eneo linaloitwa kwa jina la mji wenyewe: Tukuyu.

Dawa huletwa na jirani. Katika kingatiba ya usubi daktari hapiti nyumba kwa nyumba. Kijiji huchagua wagawa dawa wake, wakapewa mafunzo mafupi, rejista ya kaya, kopo la vidonge na fimbo. Fimbo hii naipenda kuliko kifaa kingine chochote nilichokutana nacho katika habari za tiba. Asiyefika sentimita 90 hapewi kitu. Kutoka 90 hadi 119 ni kidonge kimoja. 120 hadi 140, viwili. 141 hadi 158, vitatu. Anayezidi hapo, vinne. Kila kidonge kina miligramu 3 za ivermektini. Kitabuni dozi huhesabiwa kwa uzito, lakini mizani ni mzigo kuipandisha mlimani, na ukiiweka kwenye sakafu ya udongo isiyo sawa inakudanganya. Kimo hakidanganyi sana. Mazungumzo penye fimbo hayatofautiani sana kijiji hadi kijiji:

“Simama wima, mama. Visigino viguse ukuta.”

“Mwanangu, mwaka ule nilimeza vinne. Leo vitatu?”

“Ni fimbo, mama. Mgongo umeinama kidogo.”

Mama anameza, anakunywa maji, jina linatiwa alama. Ndani ya saa chache dawa imeingia katika damu na kuenea mwilini, na huko ngozini minyoo wachanga wanaanza kupooza. Mama mwenyewe anaendelea kumenya ndizi. Hilo la pili, kwamba dawa inayompooza mnyoo haimgusi mmezaji, ndilo jambo gumu katika tiba nzima, na kulifikia kulichukua karibu miaka mia moja. Sehemu ya majaribio yake ilifanyika hapa hapa Afrika Mashariki, juu ya miili ya watu ambao hawakuulizwa sana.

Tuanze na 1891. Mwaka huo wamisionari wa Moravian, Theodor Meyer na wenzake, walifika Rungwe, na wenzao wa misheni ya Berlin chini ya Alexander Merensky wakafika Unyakyusa miezi hiyo hiyo. Walikuja na kwinini, na pamoja na kwinini hiyo homa iliwasumbua vibaya. Berlin kwenyewe, mwaka huo huo, daktari Paul Ehrlich na mwenzake Paul Guttmann waliwapa wagonjwa wawili wa malaria rangi ya buluu iliyotumika kupaka vielelezo vya hadubini, methilini buluu. Wazo lilikuwa jepesi kulisema. Ehrlich alikuwa ameona kwamba rangi hunasa kwenye kijidudu fulani na kuziacha seli za jirani bila doa. Kama rangi inachagua pa kunasa, basi sumu nayo inaweza kufundishwa kuchagua. Wale wawili walipata nafuu. Ehrlich hakuliacha wazo hilo mpaka kufa. Alikuja kuiita dawa ya namna hiyo risasi ya uchawi: unafyatua, yenyewe inamtafuta adui.

Ilichohitaji ni adui wa kujaribiwa, na adui akatokea Ziwa Viktoria. Mwaka 1901 madaktari Albert na Jack Cook wa hospitali ya Mengo, Kampala, walianza kupokea wagonjwa wa malale, ugonjwa ambao Waganda waliuita mongota. Mtu alianza kwa homa, akafuatia kusinzia mchana na kukesha usiku, akakonda, akafa. Kwenye mwambao na visiwa vya kaskazini mwa ziwa walikufa watu wanaokadiriwa kuzidi 200,000 katika miaka ile. Mwaka 1905 Liverpool ikatangaza kwamba dawa moja yenye aseniki inawaua vijidudu vya malale ndani ya wanyama wa maabara. Jina lake Atoxyl, maana yake “isiyo sumu”. Aliyeipa jina hilo alikuwa na haraka.

Robert Koch, yule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka huo huo wa 1905. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Afrika Mashariki kuchunguza malale, na kwa kuwa wagonjwa wengi walikuwa upande wa Waingereza, mnamo 1906 alivuka na kupiga kambi Bugala, katika visiwa vya Sese. Wagonjwa walifika kwa mitumbwi, wengine wamebebwa, hadi wakazidi elfu moja. Koch alidunga nusu gramu ya Atoxyl siku mbili mfululizo, kisha akarudia baada ya siku kumi hivi. Matokeo ya mwanzo yalishangaza: waliobebwa walisimama, vijidudu vikatoweka katika damu. Habari zikaenea ziwani, na mitumbwi ikaongezeka.

Kisha vijidudu vikarudi. Koch akaongeza dozi, akafika gramu nzima, na macho ya watu yakaanza kuzimika. Zaidi ya 20 walipofuka kabisa, hawakuona tena. Aseniki ilikuwa imewapata vijidudu, kweli, lakini ilikuwa imeupata pia mshipa wa fahamu wa jicho. Koch aliacha dozi kubwa, akaendelea na ndogo, na aliporudi kwao 1907 alipendekeza Atoxyl itumike pamoja na kambi za kuwatenga wagonjwa. Kambi zilijengwa upande wa Wajerumani pia, Kigarama na Shirati zikiwemo, na watu wengi walizitoroka. Mwaka 1909 Waingereza wakawahamisha wakazi wote wa Sese wawe mbali na mbung'o wanaoeneza malale. Nimesoma maelezo kadhaa ya safari hiyo yanayomsifu Koch kwa ushupavu. Majina ya waliopofuka sijayaona popote.

Kwa Ehrlich, aliyekuwa Frankfurt, Atoxyl ilikuwa risasi isiyolenga. Mwaka 1907 yeye na Alfred Bertheim walionyesha kwamba molekuli yake imejengwa tofauti na walivyodhani wakemia, na kwamba inaweza kubadilishwa sehemu moja moja: ongeza hapa, kata pale, jaribu tena kwa wanyama. Wakatengeneza mamia. Namba 606 ilikaa kabatini mpaka 1909 Mjapani Sahachiro Hata alipoijaribu dhidi ya kaswende ikafanya kazi. Mwaka uliofuata ikauzwa kwa jina la Salvarsan. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya kisasa iliyotengenezwa kwa kulenga kijidudu kimoja ilizaliwa kutokana na sumu iliyowapofusha watu wa Sese, na ikawafaa kwanza watu wa Ulaya. Malale ilibaki pale pale.

Kiwanda cha Bayer kikaja na dawa yake mwaka 1916, katikati ya vita: suramini. Haikuwa na aseniki. Friedrich Karl Kleine, aliyekuwa msaidizi wa Koch Sese, aliichukua mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuijaribu Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, na Kongo, wakati Ujerumani haikuwa tena na koloni hata moja. Ikapewa jina la kujigamba, Germanin, na muundo wake ukafichwa hadi Mfaransa Ernest Fourneau alipoufumbua na kuuchapisha 1924. Suramini ilitibu malale vizuri, lakini ya mwanzo tu. Vijidudu vikishaingia ubongoni, suramini huishia nje.

Hapa inabidi tusimame kidogo, kwa sababu ndipo penye ufunguo wa habari yetu. Mishipa ya damu mwilini huvuja kidogo. Chakula na dawa hupenya na kuzifikia seli. Mishipa ya ubongo haivuji. Seli zake zimebanana kama mkeka uliosukwa vizuri, na juu ya kubanana huko zina mabawabu, protini zinazokamata kitu kigeni kilichojipenyeza na kukitupa tena kwenye damu. Kwa mgonjwa wa malale bawabu huyo ni msiba, maana adui yumo ndani na dawa imezuiwa mlangoni. Ndiyo maana tangu 1949 tiba ya malale iliyofika ubongoni ilikuwa melasoproli, aseniki tena, ambayo inapita mlango huo kwa nguvu. Ilidungwa ikiwa imeyeyushwa katika kimiminika kikali kinachouharibu mshipa, na wagonjwa wamesema ni kama kutiwa moto. Takriban mtu 1 kati ya 20 aliuawa na dawa yenyewe. Wengi wa waliobaki walipona, na kwa miongo mingi hapakuwa na kingine cha kuwapa, Kigoma wala Busoga.

Sasa turudi kwenye usubi, ambao tiba yake bawabu huyo huyo aliitendea wema.

Suramini ilijaribiwa dhidi ya usubi Kongo ya Wabelgiji miaka ya 1940 ikaonekana inaua hata minyoo wakubwa, ila kwa dozi iliyoumiza figo. Dawa nyingine ya wakati huo, dietilikabamazini, iliua minyoo wachanga upesi mno. Wakifa kwa mamilioni usiku mmoja ngozi huwaka, homa hupanda, na jicho lililokuwa likiona kidogo linaweza kufungwa moja kwa moja. Katika vijiji vya mtoni hapakuwa na dawa ya kumpa mtu ukaondoka na amani.

Iliyokuja kufaa ilitoka katika udongo. Mwaka 1974 Satoshi Ōmura wa Taasisi ya Kitasato, Japani, ambaye alizoea kutembea na mifuko midogo ya plastiki ya kuchotea udongo, alipata bakteria mmoja kutoka karibu na kiwanja cha gofu cha Kawana. Alimpeleka kwa William Campbell katika kampuni ya Merck, Marekani, na huko akaonekana kutoa kitu kinachoua minyoo ya panya kwa dozi ndogo ajabu. Dawa hiyo, ivermektini, ikauzwa kwanza kwa wafugaji. Ng'ombe, farasi na mbwa walitangulia kuimeza. Mwaka 1981 Mohammed Aziz wa Merck akaanza kuijaribu Dakar kwa wagonjwa wa usubi, akianza na dozi ndogo kwa hofu ya ule moto wa ngozi. Minyoo wachanga walipungua hadi kukaribia kwisha, na walipungua taratibu. Mwaka 1987 Merck ikatangaza kuitoa bure kwa wagonjwa wa usubi, kiasi chochote, muda wowote utakaohitajika. Ōmura na Campbell walipewa Nobel 2015.

Kwa nini haimuumizi mmezaji? Mnyoo ana vijilango katika neva na misuli yake ambavyo ivermektini huvifungua vikashindwa kufungika. Mnyoo hulegea, hawezi tena kusogea. Binadamu hana vijilango hivyo. Anavyo vinavyofanana navyo, lakini viko ubongoni na uti wa mgongo, nyuma ya bawabu. Jambo hili lilithibitishwa kwa ajali. Katika maabara ya saratani Amsterdam, Alfred Schinkel na wenzake walikuwa wamezalisha panya wasio na protini moja ya ubawabu. Panya wakapata utitiri, wahudumu wakawapulizia ivermektini kama walivyozoea, na wale wasio na bawabu wakafa. Panya wa kawaida hawakudhurika. Utafiti ulichapishwa 1994. Mbwa wa kuchunga kondoo wa aina ya collie, waliojulikana zamani kufa kwa dawa hii, baadaye wakagundulika kuwa na kasoro katika bawabu huyo huyo.

Hivyo dawa inayomezwa Rungwe inafika kila mahali mwilini isipokuwa pale isipotakiwa. Ehrlich alitaka risasi inayomwona adui. Hii haioni chochote. Imepata bahati ya kukuta mlango wa ubongo umefungwa.

Mnyoo mkubwa, hata hivyo, hafi. Amelala katika kinundu chake, ivermektini inamnyamazisha uzazi kwa miezi kadhaa, kisha anaendelea. Kwa hiyo dozi moja haitoshi, na kampeni ya mwaka mmoja haitoshi. Inabidi kurudi kila mwaka kwa muda unaozidi umri wa mnyoo, na kuwafikia karibu watu wote, maana usubi akimuuma yule aliyekosa dawa ataichukua mbegu na kumpelekea jirani. Mpango wa Afrika wa kudhibiti usubi ulianza 1995, na baada ya majaribio katika nchi kadhaa, Uganda ikiwemo, ukaikabidhi kazi ya ugawaji kwa vijiji vyenyewe. Ilionekana wanakijiji wanawafikia watu wengi kuliko timu za wilaya zinazoshuka na gari. Sishangai. Timu ya gari haijui kwamba mzee fulani huamkia shambani na kurudi jua likizama, wala kwamba nyumba ya tatu ina mgeni kutoka Kyela. Jirani anajua. Kituo cha Tukuyu cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kina historia ndefu na ugonjwa huu, lakini anayebisha hodi ni jirani.

Wakati huo huo maabara zimesonga mbele kwa njia nyingine: badala ya kutafuta dawa mpya, zinaivika ya zamani. Karibu na Cambridge, katika miaka ya 1960, Alec Bangham aliona chini ya hadubini kwamba mafuta fulani yakitiwa majini hujikunja yenyewe yakawa viputo vyenye kuta kama za seli. Vikaitwa liposomu, na Gregory Gregoriadis akapendekeza kuvipakia dawa. Iliyofaidika mapema ni amfoterisini, dawa kali ya fangasi, nayo ya kutoka udongoni, safari hii wa Venezuela. Ikiwa uchi huumiza figo na kumtetemesha mgonjwa kitandani. Ikiwa ndani ya kiputo hutulia hadi ikutane na fangasi. Kwa wenye VVU wanaopata homa ya uti wa mgongo ya fangasi, jaribio lililofanyika Kampala, Mbarara na miji mingine ya Afrika, kwa watu 814, lilionyesha mwaka 2022 kwamba dozi moja kubwa ya viputo pamoja na vidonge si duni kuliko siku saba za dripu ya amfoterisini ya kawaida. Baada ya wiki 10 walikuwa wamefariki asilimia 24.8 dhidi ya 28.7. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka huo huo. Bei ya chini iliyotangazwa 2018 kwa nchi maskini ilikuwa dola 16.25 kwa kichupa cha miligramu 50. Mgonjwa wa kilo 50 anahitaji vichupa 10.

Malale nayo imepata kidonge. Feksinidazoli inapita kwa bawabu bila kuua, na kwa aina ya malale ya upande wetu ilijaribiwa kwa wagonjwa 45 Uganda na Rumphi, kaskazini mwa Malawi, kusini ya mpaka wa Unyakyusa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika mwongozo wake. Miaka 118 ilikuwa imepita tangu mitumbwi ya Sese.

Nzi wa mtoni hajui habari hizi, anaendelea kutaga. Niger ilithibitishwa kuutokomeza usubi Januari 2025, nchi ya kwanza Afrika, baada ya miongo ya kunyunyiza viuatilifu mitoni na kugawa vidonge. Basi ukiwa Rungwe na mgawa dawa akabisha hodi, kama si mjamzito, hujajifungua wiki hii wala huumwi sana, toka nje usimame, umeze mbele yake. Na uvue viatu kwanza: kisigino cha raba kinaweza kukuongezea kidonge kisicho chako.